Anayedanganya bima anawadhulumu abiria wake

Mwenye gari anayejaza uongo kwenye fomu ya bima ana hatia, na hakuna kisingizio kitakachomtoa humo.

Tunajua mambo yanavyokwenda hapa Bukama. Kamyo inakatiwa bima ya matumizi binafsi kwa sababu bei yake ni nafuu. Asubuhi inayofuata iko sokoni: magunia ya mahindi chini, vikapu vya samaki wakavu wa maziwa ya Upemba juu yake, na juu kabisa akina mama wameshikilia kamba, kila mmoja kalipa nauli. Kwenye fomu, dereva ni mwenye gari mwenyewe. Anayeshika usukani ni kijana asiye na leseni.

Kamyo hiyo ikipinduka njiani kwenda Kamina, uongo ule ndio utakaosomwa kwanza. Kampuni ya bima hupanga bei kwa yale iliyoambiwa, na udanganyifu wa makusudi unaipa nafasi ya kudai mkataba ubatilishwe. Kesi itavutwa, na mama aliyevunjika kiuno atauza mbuzi alipie hospitali. Yeye hakujaza fomu yoyote. Kwa hiyo hatukubali jambo hili liitwe ujanja mdogo wa kupunguza gharama.

Wapo wanaojitetea: bima zenyewe hazilipi, ukweli wa nini? Kinyongo hicho kina asili yake. Bima ya gari ni lazima kisheria nchini Kongo tangu 1973, na SONAS, kampuni ya bima ya serikali iliyoundwa 1966, ilishika soko peke yake hadi sheria ya Machi 17, 2015 ilipowafungulia mlango wengine. Mteja aliyekasirika hakuwa na pa kwenda. Lakini anayetaka kulipwa haki yake hampi mlipaji sababu ya kukataa.

Wakala naye asijifiche. Fomu ni ya Kifaransa, na wateja wengi wanakijua kidogo tu. Yeye ndiye anayeijaza, mara nyingi bila kuuliza, na wapo wanaomnong'oneza mteja jibu la bei rahisi. Tunaitaka ARCA, mamlaka inayosimamia bima nchini, imlazimishe kila wakala kumsomea mteja maswali yote kwa Kiswahili au Kiluba kabla hajatia sahihi, na anayefundisha uongo anyang'anywe kibali. Na wewe mwenye kamyo uliyekwisha kudanganya, rudi kwa wakala wiki hii. Sema gari linabeba nini na linaendeshwa na nani, ulipe tofauti ya bei, kabla hujapakia tena.