Aspirini si peremende

Msomaji, kuna mtindo ulioenea mijini ambao yafaa tuuzungumzie. Mtu akikaribia miaka hamsini, rafiki humshauri ameze aspirini kila siku "ili damu iwe nyepesi". Naye huingia dukani, akalipa shilingi chache na kuanza kumeza bila kumwona daktari. Mimi naupinga mtindo huu.

Damu yako ina chembe ndogo sana ambazo kazi yake ni kuziba majeraha. Milimita moja ya ujazo ya damu huwa na chembe hizo kati ya 150,000 na 400,000. Zikiwa zimetulia huwa bapa kama sahani, na kila moja huweka akiba ya madini ya kalisiamu ndani yake. Ukijikata, chembe hugusa mshipa uliopasuka, akiba hiyo hufunguka, na kalisiamu huenea ndani ya chembe. Hiyo ndiyo amri ya kuanza kazi. Chembe huota miiba, hushikamana na kutoa kemikali za kuziita nyingine.

Aspirini huzuia mojawapo ya kemikali hizo za mwito. Chembe iliyoguswa na dawa hii haiwezi kuitengeneza tena maisha yake yote, yaani siku 7 hadi 10. Kwa aliyewahi kupatwa na mshtuko wa moyo, au kiharusi cha mshipa kuziba, hilo laweza kuokoa maisha. Ikiwa daktari amekuandikia, usiache bila kumwuliza.

Lakini mzee mwenye afya anafaidika nini? Mwaka wa 2018, utafiti wa wazee zaidi ya 19,000 nchini Australia na Marekani ulionyesha kwamba aspirini haikuwaongezea miaka ya kuishi bila ulemavu. Waliovuja damu vibaya walikuwa takriban 38 kwa kila 1,000, ilhali miongoni mwa wasioimeza walikuwa 28.

Hatari huzidi kwa mwenye vidonda vya tumbo. Huzidi pia kwa mwenye homa ya dengi, iliyozuka Mombasa mwaka wa 2013 na 2021, kwani ugonjwa huo hupunguza chembe zenyewe.

Wenye maduka ya dawa nao wana wajibu. Wamwulize mteja maswali kabla ya kupokea pesa zake. Nawe, kabla ya kuanza kumeza, nenda upimwe shinikizo la damu na sukari, kisha daktari akuamulie. Damu inayoganda upesi unapoumia si adui yako.