Kumrudisha bibi Nachingwea: tozo ya daraja ndiyo hesabu ndogo

Wazazi wenzangu, ujumbe wa wiki hii umetoka kwa baba mmoja wa Kigamboni. Likizo ya Desemba anamrudisha mama yake Nachingwea. Bibi amekaa nao miaka sita akilea wajukuu, sasa amesema inatosha, anataka kulala kwenye nyumba yake. Ana kitanda, friji, cherehani na masanduku mawili. Baba ana gari la viti saba na ameazima tela. Ndani watakuwa sita: yeye, mkewe, bibi na watoto watatu.

Shemeji yake anaishi Ujerumani, na kila kiangazi huvuta karavani, ile nyumba ya magurudumu, akizunguka na familia kwa njia zisizolipiwa. Amemshauri awashe kwenye ramani ya simu kile kitufe cha kukwepa tozo. Baba anauliza: kwetu kitufe hicho kinasaidia? Pia anafikiri kuondoka saa mbili usiku, watoto walale njiani na asubuhi wawe wamefika.

Tuanze na shemeji, maana kwake hesabu ina maana. Ujerumani magari madogo hayalipi barabara kuu. Serikali ilitaka kuanza kutoza, Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaizuia mwaka 2019. Akivuka kwenda Uswisi, akitumia barabara kuu anahitaji stika ya faranga 40 ya mwaka mzima, na karavani nayo inahitaji stika yake, kwa hiyo ni faranga 80. Ufaransa barabara kuu nyingi zina vibanda vya malipo, na gari linalovuta karavani ndefu huhamia daraja la bei ya juu. Mtu wa huko akitafuta njia za pembeni, anaokoa fedha ya kuonekana.

Sisi tozo ya barabara tumeshailipa kabla ya kuwasha gari. Imo ndani ya kila lita ya mafuta, na hakuna kitufe cha kuikwepa. Kinachoweza kukwepwa katika safari hii ni kimoja tu, Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016. Na baba wa Kigamboni anayekwenda kusini hana sababu ya kulivuka. Apite Mjimwema hadi Kongowe, aingie Barabara ya Kilwa. Atakuwa amekwepa na foleni ya Mbagala. Suala la tozo limeishia hapo.

Kwa kuwa tela huongeza unywaji wa mafuta, fedha ya kuokoa iko kwenye mguu wa dereva. Mwendo wa taratibu unapunguza mafuta na unakuepusha na faini. Kutoka Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri hadi Somanga, vijiji vyenye alama ya 50 vinafuatana. Kosa moja la mwendo kasi ni shilingi 30,000, na ukikamatwa mara mbili fedha ya kulala wageni imekwisha.

Sasa usiku. Hapa sikubaliani na baba, na nitamwambia waziwazi. Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi ni kilomita 450 hivi, na baada ya hapo kuna Mingoyo, Mtama, Nyangao, Nanganga, Ndanda na Masasi, kisha kilomita 45 hivi kuingia Nachingwea. Ni dereva mmoja, ameshinda kazini, anavuta tela ambalo hajazoea kulivuta. Watoto watalala, ndiyo. Shida ni kwamba saa tisa usiku na yeye atataka kulala. Kuna malori yaliyoharibika bila taa, kuna mifugo, na tela la kuazima mara nyingi taa zake za nyuma haziwaki. Anayekuja nyuma anaona gari mbele, haoni kilicho katikati.

Aondoke saa kumi na moja alfajiri, alale Lindi. Nyumba ya kulala wageni ya kawaida inatosha. Bibi anyooshe miguu, watoto wale chakula cha moto, kesho yake wamalizie mchana. Najua baba atasema ni gharama. Ni kweli, na ndiyo gharama ambayo mimi nisingeikata.

Kuna na mvua. Kusini huanza kunyesha Novemba au Desemba hadi Aprili. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, mvua ilikata barabara eneo la Somanga, Kilwa, na mabasi yenye watoto na wagonjwa yakakwama. Njia mbadala ya lami ni kuzunguka Iringa, Songea, Tunduru hadi Masasi, safari ambayo hakuna mtu anayeipanga kwa hiari yake. Kwa hiyo kabla ya kufunga mizigo, piga simu kwa ndugu walio Kilwa na Lindi, siku hiyohiyo. Chukueni maji, mikate na dawa za bibi za siku mbili zaidi, na dawa zikae ndani ya gari, zisiende kwenye tela.

Kuhusu tela lenyewe. Lina kadi yake ya usajili na namba yake, azime na karatasi. Ulizia bima kama inalihusu. Tairi la akiba la gari huenda lisiingie kwenye tela, beba la kwake. Friji likae juu ya ekseli, lisogee mbele kidogo. Ukilipanga zito nyuma, tela linaanza kuyumba mnapoteremka mlima, na ukishika breki kwa ghafla linazidi. Ukiona linayumba, achia mafuta taratibu, nyoosha usukani. Fungeni kamba, mwende kilomita kumi, msimame mkaze tena. Na mtoto asipande kwenye tela hata kwa mita mia za kuingia kijijini. Watoto wa binamu watalikimbilia, mjue mapema.

Bibi ana binti Ruangwa na angependa kumpitia. Inawezekana: badala ya kunyoosha Masasi, wakate Nanganga, ni kilomita 50 na kitu hadi Ruangwa. Ramani ya simu ukiwa Lindi inaweza kukuonyesha Ngongo na Mandawa kuwa ndiyo mkato. Ukiwa na tela na mvua, mkato huo waachie wenyeji. Kutoka Ruangwa kwenda Nachingwea, aulize wanaopita kila siku hali ya barabara ya asubuhi ile. Ikiwa na matope, arudi Nanganga azungukie Masasi.

Jambo ambalo baba hakuuliza ni kurudi. Tela litakuwa tupu, na bibi hatakubali litoke kwake tupu. Mazao yasiyozidi tani moja hayatozwi ushuru yakitoka halmashauri moja kwenda nyingine, utaratibu ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, kwa hiyo ndoo za maembe zisikutie wasiwasi kwenye kizuizi. Korosho ghafi ni habari nyingine. Nachingwea na Ruangwa huuzwa kupitia vyama vya msingi vilivyo chini ya Runali, kwa stakabadhi ghalani, na Desemba msimu unakuwa umepamba moto. Gunia la ghafi bila kibali litakuweka kizuizini siku nzima. Bebeni zilizobanguliwa. Mkaa nao una vibali vya TFS. Mwambieni bibi mapema, kabla hajamtuma mtu kununua magunia.

Na watoto. Wamelala chumba kimoja na bibi miaka sita. Mdogo ana miaka saba, hajui nyumba isiyo na bibi, na kwa maelezo ya baba hakuna aliyemwambia kwamba safari hii bibi harudi nao. Wamwambie kabla ya kupakia kitanda. Wampe na yeye kitu cha kubeba mkononi mpaka Nachingwea, cherehani ni zito lakini sanduku la nyuzi analiweza.