Mngurumo wa Marekani na foleni yetu ya petroli

Mwanafunzi wangu mmoja alinionyesha katika simu ya kaka yake gari la Kimarekani likinguruma huku matairi yakitoa moshi. Nilidhani ataniuliza bei. Yeye akauliza: "Mwalimu, hilo linakunywa lita ngapi?" Sikushangaa. Baba yake anaendesha pikipiki ya abiria, na mwaka 2025 mtoto huyo alilala kituo cha mafuta akimshikia nafasi kwenye foleni.

Magari hayo ya milango miwili na injini ya silinda nane, ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli, yapo yanayomaliza zaidi ya lita 15 kwa kilometa 100. Yalizaliwa kwa sababu kwao petroli ilikuwa rahisi. Lakini hata huko mambo yamebadilika. Kampuni ya Dodge ilitoa Challenger ya mwisho katika kiwanda cha Brampton, Kanada, Desemba 2023. Toleo lake kali kuliko yote, Demon 170, lilifikisha nguvu za farasi 1,025, ila si kwa petroli ya kawaida. Nguvu hizo zilitokana na mafuta yenye ethanoli hadi asilimia 85, na ethanoli ya Marekani hutengenezwa zaidi kwa mahindi. Likitiwa petroli ya kawaida, lilibaki na 900.

Mwaka 2024 Dodge wakaleta Charger ya betri, wakaifunga hadi chombo cha kuiga mngurumo. Wateja hawakuichangamkia. Mwaka 2025 kampuni ikazindua Charger ya petroli, safari hii ya silinda sita, na Septemba 30 mwaka huo nafuu ya kodi ya dola 7,500 kwa wanunuzi wa magari mapya ya umeme ikafikia mwisho. Kwa hiyo anayesema petroli itakufa kesho anajidanganya.

Hata hivyo, tusidhani Wamarekani ndio watakaotuamulia. Tutazame huku kwetu. Mwaka 2024 Ethiopia ilipiga marufuku kuingiza magari madogo ya petroli na dizeli. Sababu kubwa ilikuwa dola za kununulia mafuta, wakati umeme wa mito wanao. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya abiria haisajiliwi kama si ya umeme. Dereva haketi kusubiri chaji: huacha betri iliyokwisha kituoni, akachukua iliyojaa. Mpaka wetu na Rwanda ulifungwa Januari 2024, lakini habari hazihitaji pasi. Na wanaokwenda Dar es Salaam wameziona bajaji zinazotumia gesi asilia ya nchini humo.

Ukitazama vizuri, kila mmoja ameshika alicho nacho nyumbani: Mmarekani mahindi, Mwethiopia maji, Mtanzania gesi. Sisi Warundi tumeshika nini? Tunasubiri lori kutoka bandarini, zaidi ya kilometa 1,000, na dola za kulilipia.

Nilikulia makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora. Mashine yetu ya kusaga ilikuwa ya dizeli. Dizeli ikikosekana, mama zetu walirudi kwenye kinu, nasi tulikwenda shule bila uji. Tuliporudi nyumbani nilidhani kinu nimekiacha kule. Nimekikuta kwenye foleni ya petroli.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani nina neno moja. Jirani mwenye fedha anapofunga mlango, pikipiki na magari yake ya zamani hutafuta mlango ulio wazi. Yatakuja kwetu kwa bei ya kuvutia. Kabla ya kununua, uliza kama yule mtoto: linakunywa lita ngapi, na lita hizo utazipata wapi? Chombo cha bei ndogo kisicho na mafuta ni chuma tu.

Sisemi tukimbilie betri leo. Wenye umeme nchini bado ni wachache, takriban mtu mmoja kati ya kumi, na betri bila mtambo wa kuichaji haina faida. Lakini pale Rusumo, kwenye maporomoko ya mto Kagera, upo mtambo wa megawati 80 ambao Burundi, Rwanda na Tanzania zinagawana sawa. Maji hayo hayanunuliwi kwa dola. Sehemu ndogo tu ya fungu letu ikielekezwa kwenye vituo vya kubadilisha betri, kwa kuanzia Bujumbura na Gitega, dereva wa pikipiki angepata pa kushika, na petroli kidogo iliyopo ingebakia kwa malori na magari ya wagonjwa.

Wamarekani wana nafasi ya kubishana kuhusu mngurumo, kwa kuwa vituo vyao vina mafuta. Sisi mabishano yetu ni mengine: ni lini mtoto wa dereva wa pikipiki atalala nyumbani na asubuhi aje darasani akiwa na macho makavu. Wenye kupanga matumizi ya umeme wa Rusumo wanapaswa kumjibu.