Barza ya Mwaka: Mawaridi ya Jabal Akhdhar

Jamaa zangu wote, mlioko Maskati na Nizwa, mlioko Dubai, mlioko Uingereza, na nyinyi mliobaki Unguja mnaotukumbuka kwa salamu kila msimu wa karafuu, mwaka umezunguka tena, na mhariri wetu keshanipigia simu mara tatu akidai ukurasa wake. Mwaka jana tulikaa ufukweni tukazungumza samaki. Safari hii napanda mlimani, na nakuombeni mpande pamoja nami hadi mwisho, kwani huko juu nina swali la kukuulizeni, nalo si la mzaha.

Watoto wetu wengi, khasa waliokulia Ulaya, hudhani Oman ni jua na mchanga tu. Wakija likizo ya Agosti huona joto la Maskati, wakajifungia ndani, wakarudi kwao na kusema wameiona nchi ya wazee. Hawajaiona. Katika safu ya milima ya Hajar, juu ya Nizwa, ipo Jabal Akhdhar, maana yake mlima wa kijani. Uwanda wa Saiq uko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wakati Maskati inapochemka, huko juu mtu hulala dirisha wazi bila ya mashine ya baridi. Na wakati wa kipupwe, usiku wake huweza kushuka chini ya sifuri.

Basi mwaka 2025 Idi Mosi ilituangukia tarehe 31 Machi. Sikukuu tuliila bara, kama kawaida yetu. Kabla yake vijana walikwenda kwenye habta, lile soko la uwanjani la kabla ya Idi, wakanunua mbuzi, halua na vitu vya watoto. Siku ya kwanza ilikuwa arsia, ambayo inafanana sana na boko boko letu. Mpishi wa Unguja akiionja hatauliza imetoka wapi. Siku ya pili mishkaki. Siku ya tatu ikafukuliwa shuwa. Kwa wasioijua: nyama hupakwa bizari, thumu, iliki, mdalasini, pilipili, siki na karafuu, ikafungwa ndani ya majani ya mgomba, ikatiwa katika mapakacha ya makuti, kisha ikateremshwa katika shimo lenye makaa na kufukiwa siku nzima au mbili. Shimo ni la mtaa mzima, kwa hiyo kila nyumba hutia alama pakacha lake. Mwaka huu alama yetu ilikuwa kamba ya buluu, na mjukuu wangu wa miaka saba hakuondoka shimoni mpaka alipoiona ikitoka.

Wiki mbili na kitu baadaye, katikati ya Aprili, ndipo tulipopanda jabali, kwa kuwa huo ndio wakati wa mawaridi. Huanza kuchanua mwishoni mwa Machi, na ikifika katikati ya Mei yamekwisha. Tulikuwa watu kumi na mmoja katika gari mbili, pamoja na mama yangu, ambaye sote sasa twamwita Bibi.

Kutoka Maskati mwashika njia kuu ya Nizwa mpaka Birkat al Mawz, mji ulioko miguuni mwa mlima. Jina lake maana yake ni birika la ndizi, na Bibi kila akipita hapo huuliza ni mkungu gani huo uliotiliwa birika. Hapo lipo falaji la Al Khatmayn, mojawapo ya mafalaji matano ya Oman yaliyoandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Mbele kidogo ndipo walipo askari. Hawaruhusu gari ndogo. Lazima iwe gari inayovuta kwa magurudumu yote manne, maana mteremko wa kurudi huunguza breki. Msibishane nao. Barabara siku hizi ni ya lami, lakini wazee wetu walipanda kwa miguu, mizigo ikiwa juu ya punda.

Ukifika ukingoni unaviona vijiji vya Al Aqr, Al Ayn na Ash Shirayjah vimeshikilia ubavu wa jabali, na chini yake mashamba ya ngazi, moja juu ya jingine, kila moja limezuiwa kwa ukuta wa mawe. Watu waliupandisha udongo huko kwa mikono. Humo mna mawaridi, mikomamanga, mijozi, vitunguu thumu, na majani ya mifugo. Iko njia ya miguu inayounganisha vijiji hivyo. Mtu mzima aliye na viatu vizuri huimaliza bila ya taabu. Tuliwateremsha watoto asubuhi, na kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani sikusikia mtu akiuliza chaja ya simu iko wapi.

Mawaridi huchumwa alfajiri, kabla jua halijayakausha harufu. Mwenyeji wetu ni binamu wa marehemu baba yangu, nami namwita Ami. Umri wake umepita miaka 80. Alikuwa keshajaza kikapu kimoja tulipofika, na Bibi akakaa chini akaanza kuyachambua kama mtu achambuaye mchele.

Jinsi ya kuyapika ni hivi. Ukutani mmejengwa jiko la udongo lenye matundu, na kila tundu lina chungu. Mawaridi hutiwa ndani ya chungu, na katikati yake huwekwa bakuli la shaba. Juu hufunikwa kwa chombo kilichojaa maji baridi. Moto ukishika, mvuke hupanda, ukigusa ubaridi hugeuka matone, na matone huangukia bakulini. Maji ya juu yakipata moto hubadilishwa, kwani pasipo baridi hapana tone. Hayo yanayokusanyika humiminwa katika mtungi mkubwa wa udongo, yakaachwa yatulie wiki nyingi mpaka yawe safi. Siku hizi wengi hutumia gesi na mitambo ya chuma, na marashi hutoka meupe. Ami bado anatumia kuni, na yake yana rangi kama ya chai hafifu na harufu ya moshi kidogo ndani yake.

Chakula cha asubuhi kilikuwa mkate mwembamba wa rukhal kwa samli na asali, na kahawa ya iliki iliyotiwa tone la marashi hayo hayo. Hapo ndipo Bibi alipotoa mkobani mrashi wake wa fedha, ambao wengi wenu mmeunyoshea viganja vyenu katika harusi na maulidi. Aliuchukua Unguja mwaka 1964, mtupu, umezongwa ndani ya kanga. Ami aliujaza mwenyewe kwa marashi ya msimu uliopita. Bibi akamwambia kwa Kiswahili, "Mungu akuzidishie, shemeji." Ami hajapata kuvuka bahari, lakini neno shemeji alilijua, alilipata katika barua za baba yangu.

Sasa nifike penye swali.

Babu yetu aliondoka kijiji hicho akiwa kijana, akapanda jahazi kwenda Unguja kutafuta riziki. Aliacha ngazi tatu za shamba na hisa yake ya maji. Maji ya falaji hugawiwa kwa muda. Katika mafalaji mengi kipimo chake huitwa athari, nacho ni kama nusu saa. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha jua, na usiku kwa nyota. Hisa yetu ni athari moja. Aliyeitumia na kulitunza shamba ni baba yake Ami, kisha Ami. Tuliporejea Oman baada ya 1970, Ami alimwonyesha baba yangu mipaka, jiwe kwa jiwe, akamwambia, "Hiki ni chenu." Nasi tukasema alhamdulillahi, tukarudi Maskati.

Tangu hapo tumekuwa wageni wazuri. Septemba twapanda kuchukua makomamanga, Aprili kuchukua marashi. Tulipomaliza kahawa siku ile Ami alinichukua chini shambani. Ukuta wa ngazi ya kati umeporomoka kwa mvua, na udongo umeteremka juu ya mawaridi ya ngazi ya chini. Watoto wake wanafanya kazi mijini, na magoti yake hayawezi tena mawe. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi, "Mnakuja komamanga likiiva. Sijawaona siku ukuta ulipoanguka."

Sikuwa na la kumjibu. Ningemwambia nini? Kwamba nina kazi? Yeye hakuwa na kazi miaka yote hiyo?

Akaendelea kunieleza kwamba amekuja mtu anayetaka kununua apajenge nyumba ya wageni. Bei ni nzuri. Ami hakumkubalia wala kumkatalia. Alisema hicho si chake, kasubiri wenyewe.

Usiku ule tulikaa barzani, mablanketi mabegani, tukajadiliana. Ndugu yangu mmoja alisema tuuze, tugawane, kwani shamba lisilo na mkulima ni mawe tu, na asiyeshika jembe hana haki ya kulilia udongo. Sitamlaumu, amesema kweli aliyoiona. Dada yangu akasema tukiuza hatutakuwa na sababu ya kupanda tena ila kama watalii. Bibi alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Unguja tuliacha kwa kulazimishwa. Hapa hatulazimishwi na mtu." Baada ya hapo hapakuwa na la kuongeza.

Tulipoamka, kijana wa dada yangu, mwenye miaka 19, hakuonekana kitandani. Tulimkuta shambani na Ami, amevua joho lake, anapanga mawe, na Ami amekaa juu ya ngazi akimwelekeza kwa bakora: hili lipindue, hilo la chini halijakaa. Hakurudi nasi Maskati. Alibaki siku tisa, na alipoteremka viganja vyake vilikuwa vimechubuka, na ukuta ulikuwa umefika kiunoni.

Kiunoni ni nusu. Nusu iliyobaki ndiyo ninayokuandikieni. Tumekubaliana tusiuze kwa sasa, bali tujipime mwaka mmoja. Tunataka nyumba sita katika ukoo wetu, kila moja ichukue zamu ya wiki moja: mbili wakati wa baridi kwa ajili ya ukuta na samadi, tatu katika msimu wa mawaridi, na moja wakati wa makomamanga. Atakayekuja atalala kwa Ami, atakula alacho, na atafunguliwa maji yake na kufundishwa kuyapeleka. Mje na viatu vya kupandia na nguo za baridi. Msioge wala msifue katika falaji, na msichume waridi la jirani hata kwa picha.

Hadi naandika, nimepata nyumba nne. Zimebaki mbili. Nyinyi wa Uingereza ambao kila mwaka mnaniuliza muwapeleke wapi watoto wapate kuijua asili yao, jibu lina ngazi tatu na nusu saa ya maji. Zikitimia sita, ukuta utamalizika Inshallah, na Ami atamjibu yule mnunuzi. Zisipotimia, basi mwakani nitaandika katika ukurasa huu kwamba tumeuza, na nitaandika pia kwamba haikuwa kosa la Ami.

Bibi anakusalimuni nyote. Mrashi umejaa, na anasema anangoja harusi.

Wassalaam.