Donda na Tumbo

Nalaumu desturi ya kukwangua kila donda la mguu pasipo kuuliza habari za tumbo. Mpwa wangu wa hapa Ujiji aliota kijipu mguuni. Kikapasuka, kikawa donda lenye kingo za zambarau. Wakaliita donda ndugu, wakalikata mara mbili, na kila lilipokatwa lilitanuka. Mtaani wakasema karogwa. Kuharisha damu miezi minane waliambiwa ni amiba, basi.

Paioderma gangrenosamu ilielezwa Mayo Clinic, Marekani, mwaka 1930, na wengi wa wagonjwa wale wa kwanza walikuwa na vidonda vya utumbo mpana. Kisu huichochea, dawa za jamii ya kotizoni huituliza. Sisemi kila donda ni hilo: lazima maambukizo yachunguzwe kwanza. Lakini naambiwa eti ni maradhi ya Wazungu. Mpwa wangu ni Mmanyema!

Tangu 1992 Moshi, pale KCMC, hufundishwa wataalamu wa ngozi. Mmoja wao ndiye aliyemwuliza mpwa wangu, "Choo chako kikoje?" Chuoni nilimnyima alama mwanafunzi aliyejibu kabla ya kusoma swali. Hawa hulipwa mshahara.