Shahada ya Misitu: Hasara au Akiba?

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yanapotangazwa, wazazi na walimu huanza kuwashauri vijana kuhusu masomo ya kuchagua. Udaktari husifiwa, sheria husifiwa, uhasibu husifiwa. Akijitokeza kijana anayetaka kusomea misitu, huulizwa kwa mshangao: je, ni lazima mtu aende Chuo Kikuu ili akapande miti? Swali hilo si la kubezwa, maana linagusa jasho la mzazi na fedha za umma.

Gharama zenyewe si ndogo. Kuna ada, chakula, malazi na mafunzo ya vitendo porini. Wengi husoma kwa mkopo wa Serikali, na tangu mwaka 2016 mkopaji aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Isitoshe, zama za mhitimu kupangiwa kazi mara amalizapo masomo zimepita. Kwa mizani ya mshahara peke yake, mzazi anayesita ana haki ya kusita.

Lakini mizani hiyo haitoshi. Tathmini ya kitaifa iliyochapishwa mwaka 2015 ilionyesha kuwa Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, yaani zaidi ya nusu ya ardhi yake. Maji ya Mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam hutegemea misitu ya milima ya Uluguru. Mali kubwa namna hiyo, isipokuwa na mtu ajuaye kiasi kinachoweza kuvunwa kila mwaka bila kuimaliza, ni sawa na ghala lisilo na daftari: siku ya kugundua upungufu, ghala limekwisha kuwa tupu.

Hata hivyo, yapo makosa mawili yanayoipunguzia shahada hiyo thamani. La kwanza ni kudhani kwamba kila kazi ya misitu yahitaji shahada. Kutunza kitalu, kuzima moto na kulinda mipaka ni kazi ambazo wahitimu wa vyeti na stashahada, kama wale wa Chuo cha Misitu Olmotonyi karibu na Arusha, huzifanya kwa ustadi. Shahada ni kwa ajili ya kupanga uvunaji, kuchunguza magonjwa ya miti, kuboresha mbegu na kukadiria mali. Kumlipia kijana elimu ya Chuo Kikuu ili akasimamie kizuizi cha mkaa barabarani ni ubadhirifu.

Kosa la pili ni kuifanya shahada kuwa tiketi ya kiti cha ofisini. Karibu nusu ya misitu ya Tanzania Bara imo katika ardhi ya vijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imewapa wanavijiji uwezo wa kuimiliki na kuisimamia, lakini haki hiyo yahitaji mpango wa usimamizi, na mpango wahitaji vipimo. Huko Mufindi na Njombe nako, mkulima mwenye shida ya karo huuza misonobari yake ikiwa michanga, kwa bei anayoitaja mnunuzi. Mtaalamu akaaye mjini hamsaidii mkulima huyo kwa lolote.

Mkoani Shinyanga, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza mwaka 1986 ulionyesha njia. Wataalamu hawakwenda kuwahubiria wazee. Walijifunza kwao utaratibu wa ngitili, yaani malisho yanayotengwa yapumzike, wakauongezea sayansi, na mamia ya maelfu ya hekta yakarudi kuwa ya kijani. Huko ndiko gharama za masomo zilikolipwa.

Basi Halmashauri za Wilaya hazina budi kuwaajiri wataalamu hawa na kuwapa usafiri wa kufika vijijini, na Vyuo navyo viwafundishe kupima miti pamoja na kusikiliza watu. Mwalimu naye amweleze kijana ukweli. Apendaye kivuli cha ofisi achague somo jingine mapema, asilipie shahada hii. Aliye tayari kwenda porini, kula deni na kulilipa kwa kazi, asikatishwe tamaa. Mchumia juani hulia kivulini, na kivuli cha mti hakimfuniki aliyeupanda peke yake.