Muuguzi Ajitazame Kwanza

Tarehe 28 Septemba, 2020, Joyce Echaquan, mama wa watoto saba na mmoja wa watu wa taifa la Atikamekw, alifariki dunia katika hospitali ya mji wa Joliette, jimbo la Quebec, nchini Kanada. Alikuwa na umri wa miaka 37. Kabla ya kukata roho aliwasha simu yake, na ulimwengu ukawasikia watumishi wa hospitali wakimtukana kitandani na kumwita mjinga. Walikwisha kumhesabu kuwa mtumiaji wa dawa za kulevya, kumbe alikuwa na maradhi ya moyo. Mwaka 2021 mchunguzi rasmi wa vifo, Géhane Kamel, alitamka wazi kwamba ubaguzi ulichangia kifo hicho.

Waliomtukana hawakuwa wahuni wa mitaani. Miongoni mwao alikuwamo muuguzi aliyesomea kazi yake, akafaulu, akapewa dhamana ya maisha ya watu. Hapana budi kuuliza ni kitu gani hasa alichofundishwa.

Swali hilo liliulizwa zamani huko Nyuzilandi. Mwaka 1988, katika mkutano uliofanyika Christchurch, mwanafunzi wa uuguzi wa Kimaori aliwakabili walimu wake: mnatufundisha usalama wa kisheria na usalama wa tiba, je, usalama wa utamaduni wetu uko wapi? Irihapeti Ramsden, muuguzi na mwalimu wa Kimaori, alilishika swali hilo hadi alipofariki mwaka 2003. Mwaka 1992 Baraza la Wauguzi la nchi hiyo lililifanya somo hilo kuwa la lazima. Kelele zilikuwa nyingi. Wapo waliodai kwamba wanafunzi wanalishwa siasa badala ya uuguzi, na mwaka 1995 Kamati ya Bunge ikalichunguza jambo hilo. Somo halikufutwa.

Wengi hudhani kwamba somo hili ni orodha ya mila za kukariri. Ni kweli kwamba muuguzi afaa kujua kuwa kwa Wamaori kichwa ni kitakatifu, na kwamba kondo la nyuma hurudishwa kwa jamaa likazikwe ardhini. Lugha yao huita kondo na ardhi kwa neno moja, whenua. (Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hawatalishangaa hilo.) Walakini Ramsden alidai zaidi ya hayo. Alimtaka muuguzi ajichunguze yeye mwenyewe: madaraka aliyo nayo, dharau aliyorithi, na historia iliyomfikisha mgonjwa mahali alipo. Tena alisema kwamba mwenye haki ya kuamua kama huduma ilikuwa salama ni aliyehudumiwa.

Bila historia hiyo muuguzi hatafahamu kwa nini mwanamke wa asili wa Kanada huchelewa kwenda hospitali. Ataona ukaidi. Hatajua kwamba wenyeji walitengewa hospitali zao mbali na wazungu, wala kwamba wanawake wao walifungwa uzazi pasipo ridhaa ya kweli.

Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyochunguza shule za bweni walikopelekwa watoto wa wenyeji kwa nguvu, ilitaka kila mwanafunzi wa udaktari na uuguzi afundishwe mambo haya. Miaka mitano baadaye Joyce Echaquan alikufa akitukanwa.

Kwa hiyo mhadhara wa saa mbili hautoshi. Mwanafunzi akitoka darasani akaingia wodini, akamkuta muuguzi mkubwa akiwacheka wagonjwa hao bila kukemewa, atalishika la wodini. Wakufunzi wa wodini nao hawana budi kufundishwa na kupimwa. Watoto wa wenyeji waingizwe vyuoni kwa wingi. Wagonjwa wenyewe waulizwe jinsi walivyotunzwa, na majibu yao yahesabiwe wakati wa kumpa mwanafunzi cheti, au kumnyima.